Sitaki Tena: tumbaku yetu ya haibridi, na siku maua yake yote yalipovunjwa mimi nikiwa eda

Wakuu, salaam kwenu nyote. Ninawasoma humu kila siku na sijawahi kuandika hata mstari. Leo naandika. Nitakayoyasema yamenikuta mwenyewe, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mimi ni mwanamke mjane, ninaishi kijiji cha pwani upande wa Palma, kaskazini kabisa ya Cabo Delgado. Ruvuma si mbali na kwetu, ndiyo maana simu yangu hushika mtandao wa Tanzania na ndiyo maana mnanisoma. Shule nilisoma mpaka darasa la tano, tena kwa Kireno, kisha chuo cha Kurani. Nikikosea mtanivumilia.

Juzi mwenzetu mmoja alileta uzi wa bangi ya haibridi aliyoiona ughaibuni, jinsi inavyonuka mpaka jirani anafunga dirisha. Watu wakacheka sana. Mimi nikawaza: mbona na sisi tunao mmea wetu, tumeuzalisha wenyewe, na wa kwetu ni tumbaku?

Sijaja kumshawishi mtu atumie. Mimi huiweka kidogo kwenye tambuu tu, na nikijitazama kwenye kioo nayaona meno yangu. Nimekuja kusimulia mbegu.

Marehemu mume wangu, Saidi, alikuwa Mmakonde wa Diaca, kule bara. Aliponioa alikuja na fundo la mbegu za tumbaku kutoka kwa mama yake. Tumbaku ya Diaca ina jani nene, lina nywele na linanata mkononi. Nguvu inayo, ila haina ladha. Ni kama kupigwa kofi na mtu usiyemjua.

Mimi nilikuwa na ya mama yangu, ya pwani. Jani jembamba, harufu yake tamu, akina mama wanaipenda kwenye tambuu. Nguvu haina kabisa.

Tukapanda zote mbili kwenye mashamba yetu ya bondeni, mistari ikitazamana. Nyuki wakafanya kazi yao. Msimu uliofuata ikaota mimea ambayo haikufanana na ya mama yake wala ya mama yangu.

Aliyeiona kwanza ni mimi. Marehemu alipenda kuwaambia watu kwamba ni yeye, nami nilimwachia kwa sababu alikuwa anawaambia mbele ya wageni. Leo nasema ukweli: ni mimi. Lakini aliyeitunza miaka yote ile ni yeye, na hilo pia ni kweli.

Sasa niwaeleze sifa zake.

Shina lake ni refu kuliko mimi. Jani ni pana, limekunjamana kidogo pembeni. Ukilisugua likiwa bichi linatoa harufu mbili. Ya kwanza ni kama ngozi mbichi ya mbuzi iliyofungwa pamoja na karafuu. Ukingoja kidogo inakuja ya pili, chachu, kama tui la nazi lililolala. Ukikosa hiyo ya pili, si yenyewe.

Ikikauka na kuvundikwa vizuri, nyumba nzima inajua. Imamu wetu alimwomba marehemu awe anaacha kikopo chake cha ugoro nje, pamoja na viatu.

Jina lake ni Sitaki Tena, kwa sababu ndivyo alivyosema mtu wa kwanza kuonjeshwa ugoro wake. Alipiga chafya mpaka kofia ikaanguka. Kesho yake alikuja asubuhi kabla hatujafagia uwanja.

Kilimo chake kina kazi. Kitalu unakichoma kwanza kwa matawi makavu ili magugu yafe. Mbegu zake ni kama vumbi, kwa hiyo unazichanganya na majivu ndipo unamwaga, usije ukamwaga zote mahali pamoja. Unafunika kwa nyasi. Mvua ikishika unahamisha miche bondeni. Ikianza kutoa maua unayavunja, nguvu irudi kwenye majani. Baada ya hapo mmea hukasirika, unatoa machipukizi kila kwapa, nayo unayang'oa. Ukiyaacha, majani yanakuwa mepesi kama karatasi.

Na hapa ndipo penye ugumu wa haibridi yetu. Haikai. Kila mwaka mimea mingine inarudi kwa mama mkwe Diaca, mingine inarudi kwa mama yangu. Huwezi kuchukua mbegu popote. Lazima uchague mama wa mbegu, mmea mmoja mmoja, umwachie maua yake, umvike kipande cha chandarua ili nyuki wasimletee wageni.

Marehemu ndiye aliyekuwa anachagua. Alikuwa anawafunga akina mama wale kitambaa cha kanga kuukuu kwenye shina, na sote tulijua: penye kitambaa, maua hayavunjwi.

Mbegu hakumpa mtu. Si ndugu, si jirani. Watu waliomba mpaka wakachoka. Ninamlilia mpaka leo, lakini hilo alikosea, na mtaona kwa nini.

Ilikuwa miaka hii ya gesi, mwanzoni mwanzoni. Nyie mlisikia kwenye redio, sisi tuliona. Helikopta zinapita kuelekea baharini, asubuhi zinakwenda, jioni zinarudi. Palma ikajaa wageni, vijana wetu wakawa wanasubiri kazi ya projeto, huo mradi wa gesi, hata waliokuwa wavuvi.

Kisha wakaja wapima ardhi. Walipita kwenye mashamba wakipigilia mambo za mbao, vile vigingi, na kufunga fita, yaani tepe za plastiki, nyekundu na nyeupe. Walisema wanapima tu. Lakini sokoni palikuwa na maneno yake: ukiona fita kwako, shamba limekwenda. Wengine wakasema ukiing'oa kabla mzungu hajarudi, hakuna atakayekumbuka.

Mwaka ule tulianza vibaya. Mvua ya kwanza ilikisomba kitalu chote. Marehemu akachukua chupa ya mbegu, akamwaga tena, zote, hakubakiza. Akasema, "Zitazaa nyingine." Miche ikashika vizuri, tukahamisha. Ilipofika kiunoni, akaenda bondeni peke yake kuchagua akina mama wa mbegu. Alirudi akitetemeka, macho ya njano. Alilala siku tisa. Ya kumi tukamzika.

Sitaandika mengi hapo.

Nikaingia eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa miezi minne na siku kumi. Wapo wanaosema mchana unaweza kutoka ukiwa na haja. Kijijini kwetu hatutoki. Hakuna manukato, hakuna mafuta ya kunukia, hakuna pambo. Unakaa na nafsi yako.

Aliyekuja kunitunza ni wifi yangu, Anjelina, dada wa marehemu, kutoka Diaca. Yeye ni Mkristo, na ni mtu wa maneno. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Wifi, nyinyi mnamfungia mtu ndani kama kuku anayeatamia. Basi, mayai ni yako, mtama nitaleta mimi."

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu msiba.

Tumbaku ikaanza kutoa maua. Nikamwambia Anjelina, "Wifi, nenda bondeni ukavunje maua. Ila ukikuta mmea umefungwa kitambaa cha kanga, usiuguse. Hao ndio mama wa mbegu."

"Kuvunja maua unanifundisha mimi? Mimi nimezaliwa kwenye tumbaku."

Alifanya kazi siku tatu. Siku ya tatu alirudi amefurahi, akakaa chini, akanyoosha miguu.

"Wifi, leo nimekuokolea shamba."

"Kwa nini, kumetokea nini?"

"Hawa watu wa gesi hawana haya. Mambo zao hazikuwatosha, wamefunga fita mpaka kwenye tumbaku yako! Kwenye mashina! Nimezing'oa zote, nimezitupa mtoni. Wakirudi watafute."

"Na vitambaa vya kanga uliviona vingapi?"

"Sikuona hata kimoja. Nikavunja yote."

Nikamwuliza, "Hizo fita zilifungwaje?"

Akafikiri. "Mafundo mawili, mkia umechomekwa ndani. Zilikuwa kumi na moja. Nimevunja kucha kuzifungua."

Mafundo mawili, mkia ndani. Hivyo ndivyo alivyokuwa anafunga kila kitu, kuanzia mzigo wa kuni mpaka gunia la mihogo. Fita zile hazikufungwa na wapima ardhi. Marehemu aliziokota njiani. Najua alivyokuwa: aliona plastiki, akaona mvua haiiozeshi, akaona ni bora kuliko kanga kuukuu. Alirudi nyumbani na homa na hakuwahi kuniambia.

Nikamweleza Anjelina. Akasema, "Nimemzika kaka yangu mara ya pili."

Nikamwambia, "Hapana. Mimi ndiye niliyekutuma bila kujua. Na yeye ndiye aliyeficha."

Usiku ule sikulala, lakini asubuhi kichwa kilikuwa chepesi. Nilikumbuka jambo ambalo kila mkulima wa tumbaku analijua na analichukia: machipukizi. Ukivunja kichwa, mmea unatoa machipukizi, na chipukizi likiachwa linatoa maua, na maua yanatoa mbegu. Miaka yote tunayang'oa kama magugu. Mwaka ule yalikuwa ndiyo mali.

Tatizo likawa moja. Tuyaache kwenye mimea ipi? Mama wa mbegu walikuwa kumi na moja kati ya mimea mia kadhaa, na alama ziko mtoni. Anjelina hakukumbuka zilikuwa wapi, isipokuwa mmoja karibu na njia. Kwa macho nisingeweza kuwatambua hata kama ningetoka, maana mmea ukishavunjwa kichwa unafanana na mwenzake.

Ila harufu hazifanani.

Nikapata hofu nyingine. Je, kunusa tumbaku ukiwa eda si kujitia manukato? Nikamwita Bi Zuhura, mwalimu wetu wa chuo cha wanawake. Nikamweleza yote. Alimtuma Anjelina alete jani moja. Akalisugua, akalipeleka puani, machozi yakamtoka.

"Manukato haya?" akasema. "Haya ni adhabu, mwanangu. Nusa mpaka ushibe."

Basi tukaanza. Nilimpa Anjelina nyuzi za ukindu. Kila mstari wa shamba uzi wake, kila mmea kipande cha jani lake, akivitunga kwa mpangilio kuanzia upande wa njia. Uzi wenye fundo moja ni mstari wa kwanza, mafundo mawili wa pili, hivyo hivyo. Aliniletea asubuhi tu, jani likiwa na umande.

Mimi nilikaa juu ya mkeka, nikasugua na kunusa, mmoja baada ya mwingine. Baada ya kila majani machache nilinusa majivu baridi ili pua ipumzike. Na niwaambie jambo: miezi ile bila udi, bila marashi, bila mafuta ya nywele, pua yangu ilikuwa kali kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Niliweza kumjua aliyeingia uwanjani kabla hajapiga hodi.

Mingi ilikuwa ya Diaca tu. Mingine ya pwani tu. Anjelina alikaa mlangoni anasubiri hukumu.

"Huyu?"

"Mama yako."

"Huyu?"

"Mama yangu."

"Huyu je?"

"Ngoja." Ngozi ya mbuzi, karafuu. Nikahesabu pumzi. Tui lililolala. "Huyu mfunge."

Alipiga kigelegele peke yake, jirani akaja kuuliza kama kuna posa.

Ilituchukua siku nane. Nilipata tisa wenye uhakika. Wawili nilikuwa na shaka nao, Anjelina akasema, "Waweke, wifi, watimie kumi na moja kama wa kaka." Nilikataa. Nisiyemjua siwezi kumwita jina.

Kila mama wa mbegu tukamwachia chipukizi moja tu, nene, karibu na juu. Mengine akayang'oa. Mvua ilikuwa imekata, kwa hiyo alimwagilia kwa ndoo kutoka kisima cha bondeni, asubuhi na jioni, mtu ambaye mgongo wake ni mbovu. Maua yalipotoka akayavika chandarua. Mimi nilishona vifuko vile ndani, kutoka kwenye chandarua alichokuwa analalia marehemu. Kilikuwa na matundu, nikayaziba.

Majani ya mama wale mwaka ule hayakuwa na thamani, nasema wazi. Mimea ile tisa ilitoa majani ya hovyo kwa sababu nguvu ilikwenda kwenye chipukizi. Hiyo ndiyo gharama yake.

Siku niliyotoka eda niliogeshwa, nikavalishwa nguo safi, nikaombewa dua. Watu walitegemea nitakwenda kwanza kaburini. Nilikwenda kaburini, nikasoma yasini. Kisha nikateremka bondeni.

Vikapsuli vya mbegu vilikuwa vimekauka, vya kahawia, ukitikisa vinasema kama mchanga kwenye kibuyu. Wawili kati ya tisa walikuwa wameliwa na wadudu. Saba walibaki. Mbegu zote zilijaa kijiko cha chakula, hazikuzidi. Anjelina aliketi pale pale kwenye tope akalia. Nikamwacha alie, mimi nikafunga chupa.

Msimu uliofuata nilipanda mwenyewe. Sikulala vizuri mpaka miche ilipofika kiunoni nikaenda kusugua majani. Ilirudi, wakuu. Mingi zaidi ya alivyokuwa akipata marehemu, kwa sababu yeye alichagua kwa macho kwanza na pua baadaye, mimi nilichagua kwa pua tu. Wazee wanaonusa ugoro walikuja na vikopo vyao. Mmoja wao, mpinzani wa marehemu katika mambo ya tumbaku tangu ujana, alinusa, akafuta macho, akasema, "Bi, hii imezidi ya bwana wako. Usimwambie mtu nimesema."

Ninawaambia nyie.

Nilifanya na jambo moja ambalo marehemu asingelikubali. Nilizigawa. Anjelina alikwenda Diaca na robo ya mbegu. Bi Zuhura alichukua za dada yake. Jirani yangu, yule aliyekuja kuuliza posa, nikampa bila kuombwa. Watu waliniambia nimetupa urithi. Niliwauliza: mwaka jana urithi ulikuwa wapi? Ulikuwa mtoni, umefungwa mafundo mawili.

Wapima ardhi walirudi na fita mpya. Mpaka leo hatujaambiwa kama bonde letu litabaki. Likienda, ninajua mahali pengine pa kuisugua tumbaku hiyo.

Mwezi uliopita nilipanda gari mpaka Diaca kumsalimu wifi yangu. Hakunikaribisha hata maji, alinishika mkono moja kwa moja mpaka shambani. Udongo wa kule ni mwekundu, si kama wetu wa bondeni. Nikavunja jani, nikasugua, nikafumba macho. Ngozi, karafuu. Nikangoja. Tui likaja, lakini zito, na nyuma yake kulikuwa na kitu cha tatu ambacho yangu haina.

"Sema, wifi," akasema. "Hukumu."

Nilitaka kusema zinalingana. Nikashindwa kudanganya.

"Yako imeshinda yangu."

Alinirukia shingoni tukaanguka sote wawili kwenye mstari wa tumbaku, wanawake wazima. Adhuhuri nilitawadha, alasiri nikatawadha tena. Vidole bado vilikuwa vinanuka.

Nililojifunza ni dogo. Ukiweka alama, mwambie na mwenzio. Na mbegu nzuri usiifungie nyumba moja, maana nyumba huingiwa na msiba.

Wakulima wa humu, wa tumbaku, wa mahindi, wa chochote, karibuni mchangie. Na mnijibu hili kwa ukweli: mama wa mbegu kwako umemtia alama gani, na ukiondoa wewe, nani mwingine anaijua?